Lundo la Specioza Si Jalala

Chubwi, chubwi: mti ukikoroga maji mazito ndani ya pipa. Hivyo ndivyo kulivyopambazuka kwa Specioza, nje kidogo ya Dutwa.

Alikuwa akikoroga chai ya mboji. Mboji iliyoiva aliifunga kwenye kiroba, akailoweka, akatia molasi kidogo, akawa anakoroga asubuhi na jioni maji yapate hewa. Kisha aliyachuja, akanyunyizia majani ya nyanya, vijidudu rafiki viwahi kukaa kabla ukungu haujafika. Msimu uliopita bakajani, ukungu wa madoa ya majani, iliteketeza nyanya za majirani; zake iligusa tu.

Kija, dada wa mumewe na jirani yake, hakuacha kumtania kisimani. "Wifi, nyanya zako zinakunywa chai, mbona kaka yangu humpi hata ya rangi?"

Specioza alicheka na wenzake. Lakini bustani ile alikuwa nayo kwa masharti. Mumewe, Mabula, alikitaka kipande kile akipande pamba. "Nyanya zikistawi, kipande chako," alimwambia. "Zikifa, naingiza ng'ombe na plau."

Zilistawi. Zilipoanza kutoa maua, madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, yakatokea kwenye majani ya chini, yakapanda juu, yakaenea mstari kwa mstari. Specioza alikimbilia lundo la mboji lililotoa chai yake. Chini ya mabua ya mahindi aliyolifunikia, alikuta mashina ya nyanya yaliyokauka, yamevunjikavunjika, yana madoa yaleyale. Jirani aliyekuwa ameng'oa nyanya zake karibuni alikuwa mmoja tu.

Alimfuata, mashina mkononi.

"Haya ni yako?"

"Ee, wifi," alisema Kija. "Si unapenda takataka? Nikaona nikusaidie."

"Huu ni ugonjwa! Lundo lilishapoa, lingeuunguza kwa joto lipi? Nimeukoroga mwenyewe, nimeunyunyiza mwenyewe!"

"Basi, mayu, usinipigie kelele kwangu. Uchafu ni uchafu."

Uchafu! Mwanamke abebe samadi kichwani kutoka zizini, aigeuze, ainyweshe maji kiangazi kizima, halafu mtu apite tu na kutupia humo maradhi ya shamba lake, bila hodi. Angethubutu kutupa maganda ndani ya sufuria ya mwenzake? Ila kazi hii inanuka, na kinachonuka, inaelekea, hakina mwenyewe. Na aliyefanya hivyo bado anataka kushukuriwa!

Hakuna nyanya iliyowahi kuiva. Mabula aliingiza ng'ombe, plau ikalaza mistari yote. Kija alikuja akasimama pembeni, ncha ya kanga mdomoni.

"Pole, wifi. Sikujua."

Specioza alikuwa akiokota miti ya kuegemezea nyanya. Hakuinua uso. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata Mabula, hatua chache mbele, hakuisikia.

"Ungeniuliza."