Stelingi Haibi

Burhani kinyozi hakujua kutulia. Mzaliwa wa Tanga, miaka kumi na mmoja sasa yuko mtaa wa Malvern, huku kusini kabisa mwa Afrika, na bado anahangaika mle dukani kama mtu aliyeacha chungu motoni. Jumapili mchana ndiyo balaa. Watoto wa Wakongo na Warundi wa Jules Street hujazana kutazama video, naye mashine ya kunyolea mkono huu, mkono ule anaonyesha televisheni, anawatafsiria kwa Kiswahili.

Anatafsiri! Tuseme ukweli jamani: Kiingereza chake kilikuwa cha namba za mashine na "sharp, sharp" ya kumuaga mteja, basi. Mengine yote aliyatunga. Siri hiyo aliificha kwa ajili ya binti yake wa miaka kumi, Zubeda. Mtoto kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza au Kizulu. Jumapili tu ndipo alipokaa saa mbili nzima kumsikiliza baba yake. Siku akigundua anadanganywa, atakuja tena kufanya nini? Wazo hilo lilimkosesha Burhani raha wiki nzima.

Jumapili moja ya 2017 akaweka katuni ya zamani. Hakuwa ameitazama, kuitazama kabla aliona ni uoga. Mbwa mpelelezi, koti refu, kofia imefunika macho, mvua inamnyeshea yeye peke yake hata akiwa ndani ya nyumba. Mkufu wa bibi tajiri umeibwa.

"Huyu ndiye stelingi, shujaa wa picha!" Burhani akapaza sauti. "Na stelingi hafi, haibi! Mwizi ni yule nguruwe mpishi, mtazameni macho!"

Video zote alizokulia nazo Tanga zilikuwa hivyo, angeshuku nini?

Firmin, mlinzi kutoka Bukavu, alikuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu. "Ndugu Burhani, na kichwa yangu?"

"Subiri, mwizi anakamatwa!"

Akakamatwa kweli. Mbwa alifuata nyayo chumba kizima, zikamfikisha kwenye viatu vyake mwenyewe. Akavua kofia, mkufu ukaanguka. Akaanza kukiri kwa Kiingereza kirefu, analia. Watoto, wanafunzi wa shule za hapa wanaokielewa, wakaangua kicheko.

Burhani akang'ang'ana: "Anasema... anasema nguruwe ndiye aliyemwekea!"

Kicheko kikazidi. Lo, jasho lilimtoka! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na hakuthubutu kumtazama Zubeda.

Zubeda akainuka. Burhani akajua anaondoka. Lakini mtoto akapenya kati ya wenzake, akamvuta baba mkono mpaka akainama, akamnong'oneza kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Baba, anasema aliiba yeye. Alitaka watu waone yeye ni mkubwa."

Burhani naye akanong'ona. "Tangu lini unajua kwamba mimi..."

"Zamani. Ya kwako nzuri kuliko ya TV. Lakini leo wanakucheka. Sema hii."

Burhani akazima mashine. "Kimya nyote! Nimewakosea. Stelingi ndiye mwizi." Akamwinamia tena binti yake.

"Enhe, mama. Na sasa anasemaje?"