Febronia wa Mungaa, Aliyeomba Siku ya Kulia

Alizaliwa Mungaa mwaka 1968, wakati wa kupura mtama, binti wa nne wa wakulima Stefano na Lea, akabatizwa jina la Febronia. Wanaomkumbuka akiwa msichana husema alitembea kama mtu anayesikia ngoma ya mbali, na kwamba alipokatiza shamba la alizeti, maua yalionekana kumgeukia yeye. Aliolewa, akamzaa Belinda, akafiwa na mume mapema. Alilima, akaimba kwaya, wala hakutafuta sifa.

Mwezi wa sita mwaka 2009, lori la vitunguu alilopanda kwenda mjini lilipinduka. Madaktari walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Kaka yake Chediel aliupokea ukiwa umefungwa kwenye kitenge, akauzika pembeni mwa shamba, akawakataza wote wasimwambie Febronia ulipozikwa. Febronia aliporudi nyumbani, kila aliyekuja kumpa pole alimwambia amshukuru Mungu, maana wengine walikufa. Naye alishukuru. Alishukuru mpaka akaacha kuimba, akaacha kula, akawa anautazama ukuta kama watu wanavyotazama dirisha. Belinda aliogopa kwamba mama yake anaondoka taratibu, hivyo hivyo amekaa.

Mvua za Desemba ziliponyesha, alimwita kaka yake. "Chediel, mguu wangu mmeulaza wapi? Vidole vinaloa."

Chediel alishindwa kudanganya, akamwonyesha. Siku iliyofuata Febronia alimwita katekista Laurenti, akamwomba aongoze matanga ya mguu ule.

"Mama Belinda," alisema Laurenti, mtu wa utani, "nisome sala za marehemu, na marehemu mwenyewe kaniwekea uji?"

"Mwalimu, nimeshukuru miezi sita. Naomba siku moja tu nilie."

Laurenti aliweka kikombe chini, akakubali.

Habari zilienea. "Mguu ukifanyiwa matanga, basi jino langu nalo nilichinjie mbuzi," alisema jirani yao Zefania, na watu kisimani wakacheka. Lakini walikuja, Zefania akiwa mmoja wao, na kuni na unga kama kwenye msiba wowote. Walikaa naye shambani, wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Alilia tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi, akitaja kila mahali mguu ule ulikompeleka: kisimani, altareni, kwenye ngoma ya harusi yake. Mvua ilipita kandokando ya shamba siku ile, na wako wanaosema hadi leo kwamba hakuna aliyelowa. Jioni Febronia alisema, "Nina njaa." Belinda alikimbilia jikoni.

Uchungu haukwisha. Asubuhi nyingine aliamka akiwa amesahau, akasimama kwa miguu miwili, akaanguka. Hata hivyo alirudi kwenye kwaya, na kwa miaka kumi na miwili alikwenda kwa magongo yake kuwatazama waliokatwa viungo, toka Mgori mpaka Manyoni. Huko Manyoni alimkuta Mazengo, fundi wa reli, aliyekuwa amegeukia ukutani tangu alipokatwa mguu. Febronia alikaa karibu naye siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu Mazengo akauliza, "Mama, wewe huna maneno?"

"Ninayo. Nasubiri yako kwanza."

Ndipo Mazengo alipolia, na mwezi uliofuata akatoka nje kuota jua.

Febronia alifariki Mei 2022, akiwa usingizini. Mazengo alisafiri kuja Mungaa, akaomba abebe msalaba mbele ya jeneza: gongo mkono mmoja, msalaba mkono mwingine. Kutoka kanisani mpaka makaburini ni nusu saa. Siku ile ilichukua saa mbili. Hakuna aliyempita wala aliyejitolea kumpokea msalaba. Padre, kwaya na wabeba jeneza walipunguza hatua mpaka zikalingana na zake. Nasi tulio karibu na wenye majonzi tuombe neema hiyo ya Febronia, ya kwenda mwendo wao.