Mama wa Kwenye Filamu

Yule bwana aliyekuja mtaani kwetu Nguba kutafuta watoto wa kuigiza filamu sikumpenda tangu mwanzo. Alikuwa mpole mno. Alisema filamu yake inahusu watoto wanaokimbia shida za kwao, akawagawia watoto wetu biskuti, kisha akamchagua binti wa mdogo wangu. Nilikuwa nikimlea tangu mama yake alipomtuma kwangu kutoka Walungu. Mama mwenyewe hatujamwona tena. Nikajisemea, watoto wa watu huchukuliwa hivihivi.

“Papa, filme ikiisha, mutoto atarudia wapi?” nilimuuliza.

“Kwako, maman. Atarudia wapi tena?”

Hata jibu hilo lilikuja haraka mno. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nami niwepo.

Siku ya kupiga picha nikamwogesha mtoto, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni la misa na viatu. Sikutaka watu waseme namtunza ovyo. Yule bwana alipomwona alishika kichwa. Wasaidizi wake wakambadilisha nguo, wakampaka vumbi mpaka usoni. Nilinuna, nikaketi kando ya barabara ya Nyangezi, huko nje ya mji, macho kwenye gari lao, nisije nikasikia linawashwa mtoto akiwa ndani.

Mwigizaji wa kike ndiye aliyekuwa mama yake kwenye filamu. Alimshika mkono wakatembea, wakarudishwa, wakatembea tena. Mtoto hakulia wala hakucheka, alimtii kwa kila kitu. Utiifu ule ulinichoma. Kwangu hata kuchota maji ni mabishano.

Jioni yule bwana akamleta mwenyewe mpaka nilipoketi, akashukuru. Niliona haya, ila si sana. Tukaanza kutafuta gari la kurudi mjini, na mtoto akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Mama mukubwa, kwa ule maman nitaenda kukaa lini?”

“Nani alikuambia utaenda kwake?”

“Hakuna mutu. Uliniogesha, ukanivalisha muzuri. Maman naye alifanya vile, kisha akanipandisha mu gari ya kuja kwako.”

Nilimvuta kifuani na vumbi lake lote, nikamwambia haendi popote, yeye ni wangu. Akasema ndiyo, mama mukubwa. Kisha akanitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama yule bwana.