Mifuko ya Sembe Niliyompelekea Mama

Nina hasira, na nikieleza chanzo chake watu hucheka, kwa sababu chanzo chake ni unga.

Mama yangu anaishi Bukima. Mimi nafundisha shule ya msingi Musoma mjini. Tangu nipate mshahara wa kwanza sijawahi kwenda kwake mikono mitupu: mfuko wa sembe, sukari, dumu la mafuta. Majirani walisimama kunitazama nikishusha mizigo kwenye bodaboda, na mimi, nisiseme uongo, nilipenda kutazamwa.

Nilikua nikila ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka jioni. Mama aliupika na furu, wale samaki wadogo wa ziwani waliojaa miiba, na mgagani uliochemshwa ukalazwa kwenye maziwa mpaka uchungu uishe. Lakini mgeni akipiga hodi, ugali ule ulisukumwa chini ya kitanda, sufuria nyingine ikabandikwa. Ndivyo tulivyolelewa: chakula chetu wenyewe ni cha kufichwa. Nilipopata pesa niliifukuza aibu hiyo kwa sembe. Mama akaacha kulima mtama.

Mwaka juzi akaanza kuwa na kiu isiyokatika, akakonda huku anakula. Nikampeleka zahanati, wakampima, wakamkuta na kisukari. Muuguzi, binti mdogo tu, akamuuliza huwa anakula nini. Mama akajibu kwa kujidai.

“Mi nakulaga sembe tupu. Mwanangu ananitunza.”

“Bibi, hiyo sembe punguza sana. Kwenu hamna mtama? Ulezi je? Kula huo, matonge machache tu, mboga iwe nyingi, na dagaa. Na chai unywe bila sukari.”

Nilitamani kumrukia. Nilimwona hana adabu. Miaka yote najikamua kumtoa mama kwenye mtama, yeye anamrudisha huko kwa maneno mawili! Nikatoka nimenuna, na mwisho wa mwezi nikanunua sembe kama kawaida. Niliendelea hivyo zaidi ya mwaka mzima. Hilo ndilo kosa langu na silipambi.

Kisha akajikwaa, kidonda cha kidole cha mguu kikagoma kupona. Kidole kikakatwa. Daktari akatuambia wazi kwamba sukari isiposhuka, kinachofuata ni mguu wenyewe. Sisemi sembe peke yake ndiyo iliyomletea ugonjwa, hata daktari hakusema hivyo. Ila nilijua nani alikuwa analeta mifuko baada ya kuambiwa.

Safari hiyo nilinunua mtama sokoni Bunda, nikausagisha, nikaenda kukaa naye. Jumamosi wanawake wa jumuiya yake ya kanisani walikuja kumpa pole. Ugali wa mtama ulikuwa tayari, mgagani umelala kwenye maziwa tangu jana, nikatoka nyuma ya nyumba kuleta maji ya kunawa. Niliporudi jikoni nilimkuta mama, mguu umefungwa bandeji, ameufunika ugali wangu pembeni na anasonga sembe iliyokuwa imebaki ndani.

Nilimnyang'anya mwiko. Sauti yangu ilifika kwa wageni na sikujali.

“Mama, unataka wakukate mguu kwa sababu ya wageni?”

“Watasema nimefilisika,” alisema. “Watasema mtoto amenitupa.”

Jirani yetu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, akachungulia mlangoni.

“Mwalimu, usimgombeze mama yako. Lete huo mtama. Sisi wote nyumbani ndo tunakulaga huo huo. Sembe tunakutanaga nayo hapa kwenu tu.”

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilizidi kuwaka. Kumbe kijiji kizima kinaficha sufuria ileile, kila mtu chini ya kitanda chake, na mama yangu analipa kwa mwili wake! Nikauweka ugali mweusi katikati ya mkeka, mgagani na dagaa pembeni, nikawaambia naweni mikono, hakuna kingine.

Mama alikula taratibu. Tonge dogo, mboga nyingi, macho ameyafumba nusu. Alipomaliza hakuongeza.

“Kumbe bado unaupenda,” nilimwambia. “Kwa nini hukuniambia miaka yote hiyo?”

“Ningekwambia nini, mwanangu? Ile sembe hainishibishagi hata siku moja. Nakula, njaa inarudi, nakula tena. Lakini mtoto kajinyima, kanunua, kaleta mpaka mlangoni. Nimwambie sitaki? Nilikula ili usije ukaumia roho.”

Wageni walikuwa wameanza kuzungumza habari za ibada ya kesho. Mimi nilikuwa nautazama mguu ule na bandeji yake. Nilikuwa nimemkasirikia muuguzi, nikawakasirikia majirani, nikamkasirikia mama mwenyewe mbele ya watu. Sasa wa kumkasirikia nilikuwa nimebaki mimi tu, na hasira hiyo haijanitoka mpaka leo.