Honorata Aenda Kuzika kwa Niaba

Honorata Buczyńska alifanywa Mpolandi na mhuri mmoja. Alishuka kwenye ndege Warsaw akiwa na miaka arobaini na saba, nyuma yake mwanawe Witold akiburuta sanduku lililofungwa kwa kamba, na askari wa mpakani akaigongea mhuri viza yao ya kurejea. Basi. Sheria ya nchi ile inasema mtu wa asili ya Kipolandi aliyezaliwa uhamishoni, akivuka mpaka kwa viza hiyo, huwa raia palepale. Honorata alisubiri moyo wake useme neno. Haukusema. Kilichosema ni viatu, vilivyombana njia nzima.

Nyumbani kwenyewe hakuwahi kupaona. Babu na bibi yake walipakiwa kwenye mabehewa kama ng'ombe, enzi za Wasovieti, wakashushwa katika mbuga tupu kaskazini mwa Kazakhstan na kuambiwa hapa ndipo kwenu. Baridi ya kwanza waliipitisha ndani ya mashimo waliyochimba wenyewe. Bibi ndiye aliyemfundisha Honorata sala za Kipolandi, kwa kunong'ona ili majirani wasisikie, na kila baada ya sala alimwambia, "Ipo siku mtarudi." Bibi akafa. Mama akafa. Mume wake, fundi wa matrekta, naye akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Makaburi yote yakabaki kule, na waliorudi wakawa wawili tu.

Halmashauri ya mji mdogo karibu na Siedlce iliwapa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Faida za uraia alianza kuziona mapema, na hakuzidharau. Alipougua jino, alitibiwa. Alipotaka kazi kwenye mabanda ya uyoga, hakuna aliyemwuliza kibali. Aliingia Jumatatu na kisu kidogo mkononi. Msimamizi alipotaka watu wafanye kazi Jumapili, Honorata alimwambia Jumapili anakwenda kanisani, akavua glavu zake, akaondoka. Wenzake wa rafu za jirani, wanawake kutoka nchi za mbali, walimtazama akitoka. Wao kibali chao kilikuwa kimefungwa na kazi ile ile, na kazi ile ilikuwa mkononi mwa msimamizi.

Lakini ngazini kwao mambo yalikuwa mengine. Ghorofa ya chini aliishi Bi Bogumiła, mjane mwenye masikio makali, ambaye lafudhi ya Honorata ilimkera kama mlango usiotiwa mafuta.

"Bi Honorata, wiki hii ngazi ni zamu yako."

"Nimezipiga deki asubuhi, bibi."

"Aa! Kumbe huko kwenu Urusi ndivyo mnavyopiga deki?"

"Mimi Mpolandi, bibi."

"Kwenye karatasi sote wazuri," Bi Bogumiła akasema, akafunga mlango.

Kule mbugani walimwita Mpolandi. Huku wakamwita Mrusi. Honorata alipanda zake juu, akachemsha chai ya maziwa kama walivyozoea kule, akainywa kwa bakuli, madirisha yamefungwa.

Mwaka wa pili ulipokuwa unakatika, Witold aliweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Mama, nakwenda Norway. Kuna kiwanda cha samaki kinatafuta watu."

"Na kibali?"

"Kibali cha nini? Mimi raia wa Poland, Norway hawatuombi kibali. Nakata tiketi, nashuka, naanza kazi. Kule Kazakhstan ningesubiri viza mpaka niote mvi."

"Nilikuleta hapa tukae pamoja, Witold."

"Si ndiyo faida yake hii, mama? Uraia si yai, useme utaulalia."

Hakuwa na ubaya, kijana. Alisema kweli tupu. Mama yake alimfungia maandazi ya kukaanga ya Kikazakhi, akamsindikiza hadi stesheni, akarudi nyumbani akakuta vyumba viwili vimekuwa vikubwa. Kile kitu alichokipigania ili asimpoteze mwanawe ndicho kilichomfungulia mwanawe mlango.

Baada ya hapo aliyekuwa akizungumza naye alibaki Hasmik. Hasmik alikuwa Mwarmenia, alichuma uyoga kwenye rafu ya jirani na yake, na wote wawili walijua Kirusi. Mumewe alifanya kazi ya ujenzi, watoto walikuwa shuleni palepale mjini. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa ofisini miezi na miezi. "Nikiota, naota dirisha la ofisi ile," alikuwa akisema. "Na hata ndotoni limefungwa."

Asubuhi moja ya Machi, Honorata alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi benchini, kofia ya wavu kichwani, simu mapajani.

"Mama yangu," Hasmik akasema. "Amefariki jana usiku. Kwetu Armenia, Gyumri."

Honorata alikaa kando yake. "Nenda, shoga yangu. Mimi nitamwambia msimamizi."

"Nikitoka sirudi. Kutoka hawanizuii. Kurudi lazima niombe viza upya, na nani atanipa? Niwaache wanangu?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Kaka yangu anasema atanionyesha kwa simu. Nimemkatalia. Sitaki kumzika mama kwenye simu." Kisha, kwa uchungu uliotafuta pa kutua, akasema, "Ninyi Wapolandi mnaingia kwetu kama mnaingia sokoni. Mhuri, pita. Mimi niliyezaliwa kule naogopa kwenda."

Honorata aliichukua ile simu mapajani, akaiweka benchini.

"Basi niende mimi."

"Uende wapi?"

"Kwa mama yako."

Hasmik alicheka huku machozi yakimtoka. "Umelewa?"

"Nina siku za likizo, na sina pa kuzipeleka."

Kesho yake akapanda ndege kwa pasipoti yake nyekundu, ambayo hakuwahi kuitumia hata mara moja. Uwanja wa ndege wa Yerevan, Armenia, walimwuliza anakwenda kufanya nini. "Kuzika," akasema, na wakamgongea mhuri.

Gyumri theluji ilikuwa bado chafu kandokando ya barabara. Vardges, kaka yake Hasmik, mwanamume mnene aliyevimba macho, alimpokea mlangoni, akamwuliza kwa Kirusi.

"Kwa hiyo wewe ndiye dada yangu leo?"

"Nimetumwa na dada yako."

"Ingia. Tumekungoja."

Wanawake waliovaa nyeusi walisogea, wakamwachia nafasi karibu na kichwa cha jeneza. Ilikuwa nafasi ya binti. Hasmik alikuwa amemwagiza mambo mawili: ambusu mama paji la uso, na amfunge kichwani kitambaa cha samawati ambacho Hasmik alimnunulia kwa mshahara wa kwanza wa uyoga. Honorata aliinama. Paji lilikuwa baridi na laini. Alizungusha kitambaa, na vidole vyake, vilivyozoea kukata mashina elfu kila zamu, vikashindwa kufunga fundo. Mwanamke mmoja akamshika mkono akamsaidia, akimwambia maneno asiyoyaelewa.

Makaburini alitupa udongo kwa niaba ya Hasmik. Ndipo kilio kilipomjia, si cha kazi aliyotumwa, bali chake mwenyewe: cha mumewe, cha bibi yake, cha makaburi ya mbugani aliyoyaacha bila mtu wa kuyapalilia. Aliwalilia wote juu ya kaburi la mtu asiyemjua, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Kwenye chakula cha matanga, mbele ya nyama ya kuchemsha na mkate mwembamba, wazee walimwita binti. Alikaa siku tatu akiitwa hivyo.

Aliporudi, Hasmik alimngoja kituo cha basi. Alimwuliza kila kitu. Uso ulikuwaje? Nani alilia? Fundo lilikaza? Alimkumbatia kwa nguvu kiasi cha kumwumiza.

Kisha, polepole, Hasmik akaanza kumkwepa. Chakula cha mchana akala na wengine. Honorata alivumilia wiki kadhaa, mwisho akamwuliza.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mungu atakulipa, mimi sitaweza." Hasmik hakuinua macho kwenye rafu. "Ila kila nikikuona, namwona mtu aliyembusu mama yangu badala yangu. Nipe muda."

Muda haukuwepo. Kiangazi mume wa Hasmik alipata kazi Wrocław, mji wa mbali, wakahama na watoto. Waliagana vizuri, kwa machozi na ahadi, na simu zikaja mwanzoni, baadaye zikawa salamu za sikukuu.

Witold alipiga simu Oktoba. "Mama, njoo ukae huku. Ni haki yako, hakuna wa kukuuliza."

"Najua ni haki yangu."

"Sasa je?"

"Nimeshafika mahali mara moja, mwanangu. Kufika kunachosha."

Siku ya Watakatifu Wote, mji mzima ulibeba maua na mishumaa kwenda makaburini. Miaka iliyopita Honorata alijifungia ndani. Mtu asiye na kaburi katika nchi huona haya siku ile. Safari hii alinunua mishumaa miwili, mmoja wa mumewe, mmoja wa mama yake Hasmik, akaenda hadi kwenye msalaba mkubwa wa katikati, ambapo watu huwashia marehemu waliolala mbali. Upepo ukamzimia kiberiti mara kwa mara.

"Kinga kwa koti," sauti ikasema. Alikuwa Bi Bogumiła, ana mshumaa wake mkononi. "Wangu ni wa kaka. Alizikwa Chicago. Sijawahi kufika." Akautazama ule wa pili wa Honorata. "Marehemu wako ni akina nani?"

"Mume wangu. Na mama mmoja niliyemzika Armenia."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

Bi Bogumiła akainamisha mshumaa wake unaowaka, Honorata akawasha yake kwa moto huo. Halafu Bi Bogumiła akajifunga skafu na kusema miguu inamwuma, akatangulia. Honorata alibaki pale peke yake hadi nta ikaanza kushuka, akiwasomea wafu wake wawili sala ya bibi, kwa sauti kamili.