Jiwe Langu la Foleni ya Sukari

Leo asubuhi nimeletewa jiwe jeupe nyumbani, na mtu mzima mimi nikalia.

Aliyelileta ni Rehema, binti wa marehemu jirani yangu hapa Kongowe.

"Shikamoo Mwalimu. Tunasafisha stoo ya mama. Alisema hili lisitupwe, ni la kwako."

Ngoja niwaeleze, vijana.

Nilitoka Malawi miaka ya sabini kuja kufundisha hapa Kibaha. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini maisha yalikwenda: mihogo, maharage, na sukari ya duka la ushirika ikipatikana.

Siku ya kwanza dukani sikukuta mtu. Nilikuta mstari wa mawe tu, kuanzia mlangoni.

Nikaona uchafu. Nikayarundika pembeni, nikasimama wa kwanza.

(Mwalimu wa hesabu huyo.)

Kumbe kila jiwe lilikuwa nafasi ya mtu, na wenyewe wako shambani. Waliporudi na majembe yao, hakuna aliyejua nani kamtangulia nani. Nilisemwa mpaka nikatamani kwetu.

Mkali kuliko wote alikuwa Mama Rehema.

"Mgeni, siku nyingine unaanza wa mwisho."

Sukari ilipokuja tena, nilichelewa kutoka darasani. Nyuma ya jiwe la Mama Rehema nikakuta jingine, jeupe.

"Simama hapo. Hilo lako."

Akawa ananiwekea kila mara, mimi nikiwa nafundisha.

Mliopanga foleni enzi zile, nani alikuwa anawawekea jiwe?

Maana foleni ziliisha zamani sana. Mama Rehema alikuwa bado ananitunzia nafasi.