Bibi Mmoja, Watahiniwa Tisa

Asubuhi moja watu tisa tuliingia chumba kimoja, mmoja baada ya mwingine, tukamzika bibi mmoja.

Mimi nilikuwa wa saba.

Niwaeleze taratibu. Mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu kupima damu. Nilipata nafasi katika hospitali ya ng'ambo kwa sharti moja: nifaulu mtihani wa Kiingereza. Kuandika sikuogopa. Kuzungumza ndiko kulikonitisha.

Mwalimu wetu wa tuisheni, tuliyemwita Komando, alikuwa na orodha ya mada zinazorudi kila mara. Mji wako. Safari uliyoifurahia. Mtu unayemheshimu. Kila mada ilikuwa na jibu lake tayari. Kazi yetu ilikuwa kukariri.

"Kwenye heshima, wote mtaje bibi," alisema. "Na awe amekufa. Mtahini naye ni binadamu."

"Wangu yu hai, mwalimu," akasema muuguzi mmoja.

"Muue dakika mbili tu, dada. Ukitoka utamfufua."

Tulicheka mpaka basi.

Bibi aliyetungwa na Komando aliuza kuni, alitufundisha kusoma kwa kibatari, akafa ameshika daftari letu. Bibi yangu halisi sikumjua hata kwa picha. Aliyenilea ni shangazi, mfuaji wa mashuka ya hospitali, mikono imebabuka kwa dawa. Siku ya mtihani alinisindikiza, akaketi kwenye benchi la nje na mwavuli wake.

Ndani, mtahini akanipa kadi. Mtu unayemheshimu.

Nikatiririka. Kuni, kibatari, nikafika kwenye daftari. Mtahini akaweka kalamu chini. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Pole kwa msiba," alisema. "Huyu bibi amenifia mara sita tangu asubuhi. Nieleze mtu mwingine. Aliye hai."

Shangazi alinijia palepale, na mikono yake.

Nikajiambia: mfua mashuka, kwenye mtihani wa kimataifa?

Nikamruka. Nikamtaja mganga mkuu wa hospitali yetu, mtu niliyewahi kumwona mara mbili.

"Ni mtu mzuri," nilisema. "Ni mtu mzuri sana."

Basi. Maneno yaliishia hapo. Mtahini alisubiri, mimi nikaitazama meza, mpaka muda ukaisha.

Nilipotoka shangazi alisimama.

"Wamekuuliza nini, baba?"

"Mtu ninayemheshimu."

"Ukamtaja nani?"

"Wewe, shangazi."

Lilinitoka lenyewe, bila hata kukwama.

 Alifungua mwavuli, wakati hakukuwa na jua wala mvua, akaufunga tena. Wiki ile aliwasimulia wenzake wote wa chumba cha kufulia. Wakaanza kumwita Mada.

Majibu yalipotoka nilikuwa nimefeli kuzungumza. Nafasi ya kazi akapewa mwingine.

Nilimkuta anakunja nguo. Nikamwambia. Akakunja mbili, tatu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Ni mimi niliyekuponza. Ungetaja mtu mkubwa, kama yule mganga wenu, wangekupitisha."

Nina miaka sita maabara. Sijawahi kubadilisha jibu la mgonjwa hata mmoja, hata waliponisihi. Lakini siku ile nilimwacha shangazi aombe msamaha, nikajibu, "Yameisha, shangazi."

Nilikaa na jambo hilo siku kumi na moja. Jana nikamweleza yote: bibi, mganga, uongo wa benchini.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea matusi. Akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mle ndani hawakunisikia kabisa?"

"Hapana, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kazini. Wenzake bado wanamwita Mada, na sijui leo anawaitikiaje.

Ndugu msomaji unayejiandaa na mtihani ule: mtahini angenielewa hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Sikukosa maneno ya kumwelezea shangazi. Nilimwonea aibu, na sasa hiyo aibu ni yangu.